Sahani za Wageni

Mama alikuwa na sahani sita za maua mekundu ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi. Zilikuwa za wageni. Nilipomuaga kuja Birmingham aliniambia, "Ukirudi utakuwa mgeni. Nitakupakulia humo."

Sikurudi. Alipofariki, pasipoti yangu ilikuwa imekwama uhamiaji, na mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa kitandani hapa Sparkhill. Dada yangu alipokuja kunitembelea alinibebea zile sahani, kazifunga kwa leso. Zilifika vipande vitupu. Nilimgombeza bure, kisha nikalia.

Hivyo ndivyo nilivyojiunga na darasa la mozaiki, sanaa ya kuunganisha vipande kuwa picha, kule Moseley, kila Jumamosi baada ya zamu yangu ya kutunza wazee. Mwalimu, bibi mmoja Mwingereza mwenye subira, alitufundisha kubandika vipande vya vioo juu ya karatasi kwa gundi ya unga, uso chini. Kisha unaigeuza karatasi, unaigandamiza kwenye ubao uliopakwa saruji, unangoja ikauke, unailowesha na kuibandua. Vioo vyangu vilikuwa na rangi pande zote mbili, kwa hiyo uso chini, uso juu, kwangu yalikuwa mamoja. Nikajiona fundi.

Sahani za mama sikutaka ziguswe na mtu mwingine. Nilizifanyia kazi jikoni kwangu, wiki nzima. Nilikata, nikapanga, nikabandika, maua yote yakinitazama. Kuyalaza kifudifudi kulinishinda; ningeona nimemlaza yeye mwenyewe hivyo. Nikageuza karatasi, nikaigandamiza kwa nguvu zangu zote.

Kesho yake nilimwita binti yangu aje aone. Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikalowesha karatasi na kuibandua polepole. Kilichotokea ni weupe mtupu, migongo ya sahani.

"Mum, where are the flowers?"

Nilimwambia maua yamo ndani. Mwalimu alisema baadaye kwamba tukijaribu kuvitoa vipande, maua yatachubuka yote.

Nimeutundika ubao juu ya meza ya chakula hivyohivyo, mweupe. Mama aliyafungia maua yale kabatini akiningoja mimi. Mimi nimeyafungia kwenye saruji, wala hakuna tena wa kunipakulia.