Wakili Wakio na Vibandiko vya Bei

Mashine ya kaunta ilisoma mpira wa plastiki, shilingi mia na ishirini. Mikononi mwa Koki, keshia wa duka, kulikuwa na boksi la garimoshi la kuchezea la betri, pamoja na reli zake na daraja, zito mpaka aliliegemeza kwenye kaunta. Koki hakushangazwa na bei. Alichungulia pembe ya kibandiko, akaisugua kwa kidole gumba, kisha akainua macho.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

Wakili Everlyne Wakio aliitazama mashine. Hakuwa amezoea kuulizwa maswali. Kwa miaka ishirini na mitano ndiye aliyekuwa akiuliza, mahakamani Voi, katika kesi za urithi wa mashamba kutoka Ronge hadi Bomeni, na wazee waliomzidi umri walimwinukia alipopita. Alikuwa na nyumba mbili na gari jipya. Alikuwa amesomesha wadogo zake sita. Kila Desemba alipeleka magunia ya vitu vya kuchezea kanisani Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na watoto wakampigia makofi kabla hata hajashuka garini.

Mwanzoni alivilipia vyote. Kisha siku moja, mwaka juzi, kibandiko kilichokosewa kilipita kwenye mashine, mwanasesere wa elfu mbili akasomwa mia tatu. Wakio akafungua kinywa aseme, akakifunga. Nje, akiwa ameshika usukani, moyo wake ulidunda kama wa msichana. Mara ya pili alikisaidia kibandiko kwa ukucha: akabandua cha kitu rahisi, akakibandika kwenye cha ghali. Alijiambia duka ni la tajiri wa Nairobi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, nani ataumia? Lakini hakufanya hivyo kwa ajili ya pesa, na hilo ndilo lililomtisha. Katika ule mpigo mmoja, mashine inapolia, hakuwa wakili, hakuwa mama wa kanisa, hakuwa kifungua mimba wa mtu yeyote. Alikuwa kiumbe ambaye hakuna aliyejua anachofanya. Hakuwa na kitu kingine kilichokuwa chake peke yake.

"Nimeitoa pale kwenye rafu," alisema.

"Vitu vya kupita elfu naviwekea nukta nyekundu mwenyewe kwenye kibandiko, kwa kalamu. Vya bei ndogo, ya buluu." Koki aligeuza boksi. "Hii nukta ni ya buluu, mama."

Watu kwenye foleni walikuwa wameanza kunyoosha shingo. Muasya, meneja, alitoka mbio na kuwaingiza wote wawili katika ofisi yake, kijichumba kilichojaa makatoni ya sabuni. Akampangusia Wakio kiti kwa kiganja.

"Mama Wakili, pole sana. Hizi mashine zinatusumbua. Koki, omba msamaha."

"Niombe msamaha wa nini, bosi?"

"Umemwaibisha mama mbele ya watu. Unamjua huyu? Huyu ndiye aliyemrudishia mamangu shamba."

"Namjua. Rafu ya vitu vya watoto nayo naijua, naitunza mimi." Sauti ya Koki haikupanda. "Kinachopungua kwenye hesabu ya rafu analipa anayeitunza, si ndiyo sheria yenu? Mwezi wa tatu nimekatwa mshahara. Wa tano nimekatwa. Wa saba nimekatwa, ukaniambia kikipotea kingine niende nyumbani. Nikanunua kalamu mbili kwa pesa yangu."

Wakio alihesabu kimyakimya. Machi, mwanasesere wa kuongea. Mei, baiskeli ya magurudumu matatu. Julai, jumba la mbao. Yule tajiri wa Nairobi hakuwa amepoteza kitu. Mbele yake alisimama aliyekuwa amelipa, amevaa aproni iliyofuliwa mpaka ikapauka.

Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kuinuka tu, kukubali kwamba mashine ni mbovu na kwenda zake. Msichana angefukuzwa, cheti cha uwakili kingebaki ukutani.

"Muasya," alisema, "mashine haina kosa. Kibandiko nilikibadilisha mimi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

"Basi mimi sijasikia. Nikisikia itabidi nipige ripoti, na nikipiga ripoti mamangu atanilaani mimi, si wewe."

"Na mimi nitakula nini," Koki alimuuliza, "mamako akishakubariki?"

Wakio aliomba karatasi. Alikuwa ameandika taarifa za watu wengine mamia kwa mamia, na mkono wake ulikwenda kwa mazoea: jina, namba ya kitambulisho, tarehe, kitu kilichochukuliwa, jinsi kilivyochukuliwa. Akatia sahihi. Muasya alinyoosha mkono, lakini Wakio akampa Koki.

"Ni yako. Ipeleke unakotaka. Kwa mwenye duka, polisi, kwa chama cha mawakili."

Koki aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nje mtu alikuwa akigonga kaunta kwa sarafu.

"Umeandika mara sita."

"Ndiyo. Na hii ya leo."

"Mimi nilikatwa mara tatu tu."

"Zile za mwanzo sijui nani alikatwa."

"Mimi najua. Rafu ile ilikuwa ya Mwende kabla yangu. Walimfukuza Desemba." Koki alimtazama Muasya, na Muasya akatazama makatoni. "Walimwita mwizi mbele yetu sote. Alirudi kwao Taveta. Mpaka leo hachukui simu zangu."

Desemba. Wakio aliona uwanja wa kanisa la Rukanga, akasikia yale makofi. Akanyoosha mkono kuiomba karatasi.

"Nipe niliongeze jina lake."

Koki aliikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa aproni.

"Hapana, mama," alisema. "Huyo nitamwandika mimi."