Mkono wa Breki Wenye Mapovu

Haya hamtayaamini, na hakuna anayewabembeleza. Shemeji yetu ni mkaguzi kwenye kiwanda kinachosukuma alumini iliyoyeyushwa ndani ya kalibu za chuma, ikatoka mikono ya breki za pikipiki. Yeye hukasirika kwa masikio kwanza. Huokota mkono uliopoa, akaugonga mezani, akausikiliza huku amenuna kama aliyenyimwa chai. Kisha gumba lake lenye makovu ya moto hupapasa shina la mkono, pale palipo panene. “Panene hivi kando ya pembamba hivi, nani alichora?” hufoka. “Hapa panapoa mwisho, mapovu yanabaki ndani! Ukikatika mtu akiwa mteremkoni, mtamdaka nyinyi?” Siku moja alikuta mikono imezibwa vishimo kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi, inameremeta kama viatu vya bwana harusi. Akaubana mmoja kwenye jiliwa, akauvuta, ukakatika ko! kama biskuti. Ndani matundu matupu.

“Mama, punguza hasira, lori linasubiri,” meneja akasema.

“Lisubiri mpaka liote kutu!”

Hapo shemeji yetu akapandwa na mori, akavunja mkono baada ya mkono, shehena nzima, hata meneja akaingia chini ya meza analia kama…

“Acha uongo wako, shemeji!” akadakia mwenyewe kutoka mlangoni, macho mekundu. “Nilivunja huo mmoja tu. Mingine yote ilipakiwa, na sasa hivi iko barabarani.”