Ushuhuda Mtamu wa Nguma

Kanisani kwao, pale nyuma ya Frere Town, hapakuwa na mtu aliyejua kutubu kama Nguma. Wengine hutubu mara moja, wakaokoka, wakarudi nyumbani kupika. Nguma alitubu kila Jumapili, na kila Jumapili alitubu vizuri zaidi. Kabla ya kuokoka alikuwa mgema wa minazi miaka mingi, na wahenga walishatuonya kuhusu mgema akisifiwa. Huyu wetu hakutia maji tembo. Alitia dhambi ushuhuda.

Alipoanza alikuwa mlevi tu, kama walevi wengine. Waumini wakasema amina, basi. Jumapili iliyofuata akaongeza wanawake wawili, kanisa likachangamka. Kufikia Pasaka alikuwa ameshalala makaburini, ameshaoa jini wa baharini, na kina mama wa safu ya mbele wanalia hadi leso zinalowa. Mkewe, Ruth, alikuwa akikaa nyuma yao akitazama paa. Yeye alimjua mwanamume wake: jua likizama tu, amelala, anakoroma, mdomo wazi. Hayo makaburi aliyaendea lini?

Lakini utamu wenyewe ulikuwa pale alipoanguka. "Ndugu zangu," husema, akishusha sauti, "nilikuwa juu ya mnazi. Nguvu za giza zikanishika kifua, zikanitupa. Na aliyezituma ni mtu wa damu yangu." Hapo kanisa huguna. "Yesu akanidaka!" Hapo kanisa husimama lote, na kama paa lingekuwa la makuti lingeng'oka.

Mtu wa damu yake ni Tinga, kaka yake mkubwa, ambaye mvi zilimjaa kichwani mapema. Na ukweli ni huu, ndugu msomaji: hakuna aliyemtupa Nguma. Alikaa kule juu akionja tembo la kuuza, akaonja tena, mpaka akasahau kuwa yuko mtini. Mgema kuteleza ni ajali. Mgema kulewa juu ya mnazi akaanguka na kibuyu chake ni aibu ya kuchekwa na wagema wote wa Kisauni mpaka kaburini. Basi alipoulizwa hospitalini kimempata nini, akasema amerogwa. Na nani? Akamtaja Tinga, na huku kwetu mzee mwenye mvi hahitaji ushahidi mwingine ili aitwe mchawi. Watu wakaenda na mawe, nyumba ya Tinga ikachomwa, mzee akavuka feri na nguo alizovaa.

Mguu wa Nguma uliovunjika ukapona, akaokoka. Aliambiwa amesamehewa yote, naye aliamini kwa moyo wake. Lakini kila alipofika penye kuanguka, tumbo lilimkaza. Akafunga, akaomba, akapakwa mafuta, tumbo likakaza vilevile. Mchungaji akamwambia ni shetani anauonea wivu ushuhuda wake, tena mkutano mkubwa wa injili unakaribia, asilegee.

"Shetani amekukosea nini?" Ruth akamwuliza jikoni, anakuna nazi. "Ni Tinga huyo. Mungu amekutua mzigo, nawe kila Jumapili unajitwika tena mbele za watu. Nenda kwa kaka yako ukaseme ukweli."

"Na ushuhuda wangu utabaki na nini?"

"Utabaki na mlevi aliyeanguka."

"Nani atasimama kwa huo?" Nguma akasema, na uchungu aliokuwa nao ni wa kweli kabisa.

Akaenda lakini, maana tumbo lilimshinda. Akavaa suti, akabeba Biblia kubwa ya zipu, akavuka hadi Likoni. Tinga alikuwa akikaa karibu na Shelly Beach kwa Bakari, mvuvi Muislamu aliyemhifadhi bila kumwuliza mvi zake zimetoka wapi. Nguma akawakuta uani, mmoja anamenya mihogo, mwingine anashona wavu.

"Bwana asifiwe, kaka."

Tinga hakuinua macho. "Siku hizi wadogo hawaamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti."

Akaketi, akakohoa. "Kaka, nimekuja kwa ajili ya wokovu. Moyoni sina kinyongo. Nimekusamehe."

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Bakari akaacha kushona.

Tinga akaumaliza muhogo aliokuwa nao. "Ahsante," akasema. "Siku ile nilisikia kishindo, nikatoka mbio. Nikakukuta umelala kwenye tembo lako, nikakubeba mgongoni hadi barabarani. Ukanitapikia shingoni, Nguma. Walipokuja kunichomea nyumba nilikuwa bado nanuka matapishi yako. Nisamehe na hilo pia."

Nguma akaitafuta ile sauti yake ya kanisani, asiione. Akapiga magoti juu ya maganda ya mihogo, na suti yake, akalia kilio cha makamasi ambacho hakingemfaa mchungaji yeyote. "Nilikuwa nimelewa, kaka. Niliona haya. Nisamehe."

"Mimi nilikusamehe zamani, nisije nikafa na uchungu. Na Mungu amekusamehe, sina shaka. Lakini kule kwetu mimi bado ni mchawi, na anayenitangaza ni wewe. Kaseme ulikosemea."

Jumapili kanisa lilijaa. Nguma akashika mikrofoni. "Sikutupwa na mtu," akasema. "Nililewa, nikaanguka. Aliyeniokota ni kaka yangu Tinga. Nikamsingizia, na baadhi yenu mkaichoma nyumba yake kwa neno langu. Na jini sijaoa."

Hakuna aliyesimama. Watu waliozililia dhambi zake za makaburini wakaanza kutafuta miwani na kupanguza viatu. Dhambi ya mtu mmoja ni tamu kusikiliza, lakini hii ilikuwa na wenyewe wengi mle mle kanisani, na walikuwa wamevaa tai. "Amina," akasema Ruth peke yake. Mchungaji akaichukua mikrofoni kwa upole akaanzisha wimbo mrefu. Mkutano mkubwa ulipofika, ushuhuda ulitolewa na bwana mmoja wa Mikindani aliyedai kuwahi kufa mara mbili.

Lakini Jumapili ile, wimbo ukiendelea ndani, Nguma alitoka nje. Mama mmoja wa safu ya mbele akamfuata hadi mlangoni. "Ndugu yangu, leo hukuwa na upako."

"Sikuwa nao, mama," akajibu. Tumbo lilikuwa limelegea, na njaa aliyoisikia ilikuwa ya mtu mzima wa afya.

Mama alipoondoka, akatokea shemasi, mtu wa makamo, Biblia kwapani. Akasimama kando ya Nguma, akasema, "Kiberiti kilikuwa changu."

Nguma akamtazama.

"Wewe umeshatua mzigo wako," akasema shemasi. "Kaka yako anakaa wapi?"