Gari Lisilo na Mahali pa Kutolea Mguu

Nikianza kuikumbuka siku ile, mwanangu, kwanza hunijia harufu ya bati lililolowa, na jasho la watu wawili waliofungiwa ndani yake. Nimevuka miaka sabini na bado hunijia. Umenionyesha kwenye simu picha ya gari unalotaka kutengeneza, la kukanyaga kwa miguu, limefunikwa lote kama yai, na umesema Jumamosi utampandisha mama yako mkalijaribu kwenye mteremko wa Butiama. Nimelitazama sana. Ni zuri. Lakini nilipolitazama nimeogopa, ndiyo maana nimekuomba uketi kidogo kabla hujaondoka.

Mimi nililitengeneza kabla yako. Usicheke. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa Musoma, kijana wa karakana ya baiskeli, nikijifunza kazi kwa mzee Mafuru, fundi mpole ambaye akikasirika huongea polepole zaidi. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na kila mkutano tuliambiwa tujitegemee. Siku moja nilinunua misumari dukani, ikafungwa kwenye ukurasa wa gazeti la kigeni. Kwenye ukurasa ule palikuwa na mzungu amelala chali ndani ya kitu chembamba, cheupe, laini, anakanyaga pedali, uso unachungulia kwenye kioo. Maandishi sikuyaelewa. Picha niliielewa mara moja, au nilidhani nimeielewa, maana sikuona kwamba yule mtu alikuwa peke yake, na chini yake palikuwa na lami kavu iliyonyooka.

Nilikusanya vyuma vya baiskeli tatu mbovu. Madebe niliyatafuta mpaka soko la Bunda, nikayapasua na kuyanyoosha kwa nyundo, nikayakunja yakawa mwili wa gari. Lilikuwa na magurudumu matatu. Dereva alilala mbele, na abiria alikaa nyuma yake akiegemea, na pembeni mwake nikaweka vyuma viwili vya kushika, nilivyovifunga kwenye kiti changu. Mfuniko uliwafunika wote wawili, na kitasa chake kilikuwa nje. Cha ndani kilikuwa kinaharibu umbo. Ndiyo, mwanangu, niliwaza umbo.

Nisikudanganye, kwenye barabara tambarare ya pembeni mwa ziwa lile gari lilikimbia. Nilizipita baiskeli zote. Manyunyu yalinipiga juu na mimi ndani ni mkavu. Watu walisimama, wasichana waliita wenzao waje kuona, na mimi nilirudia njia ileile mara nne bila kuwa na safari yoyote. Nilipenda kutazamwa, nakiri.

Mzee Mafuru alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akainama akatazama chini. Mguuni alikuwa na katambuga zake za tairi, kama sisi sote. Akaniuliza taratibu.

"Sisi breki ikikataaga tunakanyaga tairi kwa mguu. Wewe humo ndani, mguu utautolea wapi?"

Nilimjibu kwamba breki zangu hazitakataa. Alitikisa kichwa, akaniambia nitoboe tundu chini kabla sijampakia mtu. Nikaona huo ni wivu wa fundi mzee. Kesho yake nililipeleka kijijini kwetu, kwenye vilima vya upande wa Butiama, na safari nzima ya kupanda nililisukuma kwa mikono, huku watoto wakinizomea. Hata hilo halikunifundisha kitu. Mwenyekiti wa kijiji alipoliona alifurahi, akasema hapo sasa tumepata gari la wagonjwa lisilokunywa petroli.

Mgonjwa wa kwanza akawa dada yangu Nyangeta.

Mwaka uliotangulia Nyangeta alikuwa ameshikwa na uchungu, akabebwa kwa kitanda. Ndivyo tulivyobebaga wagonjwa: wanaume wanne chini ya kitanda, wengine nyuma yao wa kupokezana. Mtoto yule alifia njiani. Sasa uchungu ulimshika tena, mchana, mvua inanyesha, na mume wake yuko kisiwani Rukuba kwenye uvuvi. Zahanati ilikuwa chini bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mama akasema waitwe wabebaji. Mimi nikasimama mbele ya watu nikasema kitanda ndicho kilichomchelewesha mtoto wa kwanza. Neno lile lilimkata mama maini. Nyangeta alinitazama, akauliza kama kweli litafika haraka. Nikamwambia litafika kabla hajamaliza kuhesabu vidole.

Tukapanda. Mama mwenyewe ndiye aliyefunga kitasa.

Mwanzoni tulishuka vizuri, nikajisifu moyoni. Mteremko ulipozidi nikabana breki, na gari halikusikia. Raba za breki zilikuwa zinateleza juu ya rimu zilizolowa, kama kushika samaki kwa mkono mmoja. Nikabana kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kushusha mguu, mguu ukagonga bati. Miguu yangu mizima ilikuwa mbele yangu, na haikuwa na kazi yoyote duniani.

Kioo kilishika ukungu wa pumzi zetu. Niliona njia kama mstari mwekundu, kisha sikuiona. Madebe yalilia kila upande. Nilijua kwamba huko chini, baada ya kona, kuna daraja la magogo, na ng'ombe hulipita muda huo wakitoka kunywa maji.

Nyangeta akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Magesa, punguza."

Nikamjibu, "Nimepunguza, dada. Tulia tu."

Aliniamini. Nilisikia kwenye kiti changu vyuma vikiachiwa. Alikuwa ameondoa mikono ili alishike tumbo lake. Nami nikakaa kimya, najua tunakoelekea, naona aibu kusema. Aibu, mwanangu, wakati dada yangu amebeba mtoto nyuma ya mgongo wangu. Mpaka leo nikilala nikikumbuka ule ukimya wangu naamka.

Kabla ya kona nilikata kushoto, nikaliingiza gari kwenye shamba la pamba la kijiji. Tuta la kwanza lilitupandisha, la pili likatulaza ubavu. Kisha hakuna kilichosogea. Maji ya shambani yakaanza kuingia taratibu kwenye maungio ya bati, ya baridi, yakanifika sikioni. Nilisukuma mfuniko. Kitasa kilikuwa nje, tena upande wa tope.

Nilimwita dada. Hakujibu. Nikamwita kwa jina la utotoni ambalo mama tu ndiye aliyelitumia. Hakujibu. Sikuweza kugeuka. Nilipeleka mkono nyuma nikagusa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na maji, na sikujua ni maji ya nini. Nikawaza kwamba nimewaua wawili, na kwamba nitakaa humo nao mpaka mtu atakapotukuta. Nililia kama mtoto, kwa sauti, wala sikujali.

Watu waliokuwa wakipalilia walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya shamba, maana hawakujua ni kitu gani kimewavamia. Baadaye nilisikia mama mmoja akiuliza kwa mbali kama humo kuna mtu. Nilisema tupo wawili. Nikajirekebisha, nikasema watatu. Wakaja na majembe wakalipasua bati nililolinyoosha kwa miezi minne.

Walipomtoa Nyangeta alifungua macho. Alikuwa amezimia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali mkono usipopinda. Na kabla hatujajua la kufanya, wakatokea wanaume na kitanda begani, wanakimbia kwenye mvua. Kumbe mama alifunga kitasa, akasubiri nipotelee kwenye mti wa kwanza, akawatuma nyuma yetu. Hakutaka kunibishia mbele ya watu, na hakutaka kumpoteza binti yake kwa ajili ya heshima yangu. Niliingia chini ya kitanda kile na sikukubali kupokewa mpaka zahanati.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, mzima. Mkono wa Nyangeta uliunga vibaya. Hakutwanga tena maisha yake yote, na jembe alilishika kwa shida. Nilingoja anitukane. Wiki tatu baadaye nilimpelekea maji, tukabaki wawili, akaniambia bila hasira:

"Ungeniambia breki zimekataa, ningejishika."

Hakurudia tena neno lile, wala hakulisema mbele ya mtu. Mimi tu ndiye niliyebaki nalo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kutengeneza gari lako. Dunia inahitaji watu wanaotazama picha wakasahau misumari. Lakini jenga kwa njia uliyo nayo, yenye tope na ng'ombe na mteremko, maana ile ya kwenye picha huna. Fundi mzee akikuuliza swali la kijinga, lala nalo usiku mmoja kabla hujamcheka. Lijaribu peke yako, kwenye mvua, na jiwe kubwa mahali pa abiria, mpaka ujue linavyokataa. Litakataa tu, kila kitu cha mikono ya mtu kina siku yake ya kukataa. Siku hiyo ikifika usimfiche aliyekaa nyuma yako. Sema palepale, hata ukionekana mjinga. Breki zangu ningesamehewa. Ule uongo wa maneno manne ndio uliovunja mkono wa dada yangu.

Nenda kamwambie mama yako kila unachokiogopa kwenye hilo gari, usibakize. Akishasikia yote na bado akataka kupanda, mpandishe. Mungu aibariki mikono yako, azitangulie safari zako, na asikupe hata siku moja kumwita ndugu yako mara mbili bila kujibiwa.