Dakika Ishirini za Shangazi

Shangazi yangu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa mapenzi yote. Alipokuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo alinipa kazi ya kumenya vitunguu, akaniambia undugu tuuache getini. Miaka miwili nililia, nusu kwa vitunguu, nusu kwa mdomo wake.

Jikoni kwetu palikuwa na mtindo wa kijinga ambao tuliuonea fahari. Mpishi akiungua haachi sufuria. Anachota mafuta ya kupikia yaliyoganda, anajipaka, anaendelea kukoroga, maana saa sita na nusu kengele inalia na watu mia tatu wanaingia na njaa zao. Aliyeacha sufuria kwa sababu ya kuungua alitaniwa mwezi mzima. Tulimwita bibi harusi, maana anataka kubembelezwa. Shangazi aliupiga vita mtindo huo kila siku. Tulimwitikia "sawa, Shangazi", akitupa kisogo tu, tunajipaka.

Yeye mwenyewe vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeshikana. Aliungua kwa chai akiwa na miaka minne, mama yake akampaka mafuta na unga, akafunga kitambaa vidole vyote pamoja. Vilipona vikiwa kitu kimoja. Hamlaumu mama yake. "Alifanya alichokijua," husema. "Mimi najua zaidi, kwa hiyo mimi sina kisingizio."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa sita na robo. Mimi na Mama Pacha, msaidizi wa Shangazi, tulikuwa tunaepua sufuria kubwa ya maharage. Niliinua kabla hajawa tayari. Nasema wazi, kosa lilikuwa langu. Sufuria ikalalia upande wake, mchuzi unaochemka ukammwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Akapiga ukelele mmoja, kisha, amini usiamini, akanyoosha mkono mwingine kwenye kopo la mafuta. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamfungulia kifuniko.

Shangazi alilipiga lile kopo likaangukia kwenye gunia la mchele. "Bombani!"

Akamvuta, akauweka mkono chini ya maji yanayotiririka. "Pete! Itoe kabla kidole hakijavimba."

"Pete ya ndoa haijawahi kutoka, dada."

"Itatoka leo kwa sabuni au kesho kwa msumeno. Chagua."

Ikatoka kwa sabuni. Nikakimbilia barafu kwenye friji, nikafokewa njiani. "Barafu ya nini? Unataka kumuunguza mara ya pili? Maji ya bomba tu. Wewe tazama saa."

Shida ni kwamba bomba lilikuwa hilo moja, na sufuria ya pili ya wali ilikuwa bado inasubiri maji. Dakika ya sita akaingia meneja.

"Mama, imetosha. Mpakeni dawa ya meno, watu wanakuja."

"Bado kumi na nne."

"Unajua naweza kukufukuza kazi?"

"Najua. Bado kumi na nne."

Kengele ikalia. Foleni ikajaa mlangoni, watu wakigonga sahani. Mama Pacha alitetemeka kwa baridi, na Shangazi akachukua koti la meneja mkononi mwake bila hata kuomba, akamfunika mabegani. "Vidole vikishikana, nani atawafulia wanangu?" Mama Pacha aliuliza huku akilia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Zilipotimia ishirini, malengelenge yalikuwa yameshatokea. Shangazi hakuruhusu mtu kuyagusa. Akauvika mkono mfuko mpya wa plastiki, bila kuukaza, akampandisha mgonjwa gari la kiwanda kwenda hospitali. Chakula kilitoka saa saba na robo.

Wiki tatu baadaye meneja alimwita Shangazi ofisini. Mama Pacha alikuja bila kuitwa. Bandeji ilikuwa imeondolewa jana yake, ngozi mpya ikiwa na mabaka. Akaweka mkono mezani, akafungua vidole kimoja kimoja, vyote vitano. Meneja akavitazama. Lakini barua ilikuwa imeshagongwa muhuri: onyo la mwisho, kwa kuchelewesha chakula. Shangazi akaitia sahihi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Alirudi jikoni saa sita na dakika kumi na tano, sufuria zote zikiwa motoni. "Zimeni moto," alituambia mimi na wapishi wengine watatu. "Wekeni mikono chini ya bomba, wote wanne. Nataka mjue dakika ishirini zina urefu gani, ili siku yake ikifika msizikate."

"Shangazi, na kengele je?"

"Kengele haina ngozi."

Tukabanana pale bombani, bega kwa bega, maji yakitutia ganzi. Hakuna aliyemtania mwenzake. Chakula kilichelewa tena siku hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutoa mkono.