Bonde Lisilo na Upepo

Kiberiti kilizima nikiwa nimechuchumaa, nikalaumu upepo.

Nikawasha njiti ya pili, ikazima. Ya tatu nayo ikazima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba eneo lile nililichagua kwa sababu moja tu: halikuwa na upepo hata wa kupeperusha unyoya.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiwapa vipandevipande mtasema natunga.

Mimi ni fundi wa mahema. Nashona, nakodisha, na mteja akitaka nakwenda kumsimamishia mwenyewe. Kazi hii niliikuta kwa baba. Safari hii mteja alikuwa shule anayosoma binti yangu wa mwisho. Darasa zima, kambi ya usiku mmoja, watoto waone msitu, ziwa na bahari kwa mkupuo.

Mwalimu mkuu aliniambia, "Mama, wewe ndiye mjuzi. Tangulia uchague mahali, sisi tutafika na basi alasiri."

Kumbe alikuwa ananikabidhi roho za watoto, na wangu akiwamo. Mimi sikuliona hivyo. Niliona kazi nzuri imeingia.

Tulitoka asubuhi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Sisi humwita Injinia. Hajasomea uinjinia wowote, ila hakuna kitu duniani kisicho na maelezo yake. Hata ukikohoa atakueleza kikohozi kinavyotengenezwa.

Eneo lenyewe lilikuwa na viwanja vitatu. Kimoja ndani ya msitu. Cha pili juu kidogo ya ufuo wa bahari. Cha tatu bondeni, katikati ya hivyo viwili, kando ya ziwa dogo lenye maji meusi.

Cha msituni nilikikataa papo hapo. Utomvu wa miti ukidondokea turubai hautoki hata ulie. Cha ufukweni upepo ulikuwa unavuma mpaka kitambaa changu cha kichwa kikataka kwenda zake. Na upepo ni adui wa mshono. Hema linakwenda jipya, linarudi matambara.

Bondeni sasa. Kimya. Nyasi fupi, ardhi laini, kigingi kinaingia bila kubembelezwa.

"Hapa hapa," nikasema, nikampigia mwalimu mkuu kumweleza sababu.

Kosa langu ni hilo, na mlishike. Nilichagua mahali pazuri kwa mahema. Watu watakaolala ndani ya hayo mahema sikuwafikiria.

Mtunzaji wa eneo alikuwa kijana mpole, buti zake safi. Alisimama juu ya mteremko akitutazama. Nikamwita aje atusaidie kubeba nguzo.

"Nipo sawa huku, dada."

"Kwani huku bondeni pana nini?"

"Hapana neno. Wateja wengi hupapenda."

Alisema hivyo akitazama buti zake. Injinia akacheka, akasema kwa uvivu huu kijana ataoa lini.

Tukaanza kazi. Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba sikusikia mdudu. Mahali penye ziwa na msitu, hakuna chura, hakuna nzi, hata mbu wa kusingiziwa hakuna. Nikamwambia shemeji.

"Ni baridi ya maji," akasema. "Ziwa lenye kina kirefu, wadudu hawalipendi."

Injinia akisema kitu huwa kama kweli, mpaka ukifikirie.

Kisha nikaona ndege. Alikuwa kwenye nyasi karibu na maji, mbawa wazi, hana jeraha. Pembeni yake panya, naye vivyo hivyo. Walikuwa wamelala vizuri mno kwa viumbe waliokufa.

Moyo ukanidunda. Lakini mikono ikaendelea kufunga kamba, maana mafundi ndivyo tulivyo, mikono haiusubiri moyo.

Kichwa kikaanza kuniuma. Injinia naye akasema amechoka ghafla, anajinyoosha kidogo ndani ya hema la kwanza.

"Umebeba nguzo ngapi mpaka uchoke?" nikamtania.

"Shemeji, akili nayo hubeba," akajibu kutoka ndani.

Yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa muda.

Nikabaki nakata kamba. Kamba ya nailoni ukishaikata lazima uunguze ncha yake, la sivyo inafumuka yote. Ndiyo maana nilichuchumaa na kiberiti. Ndipo njiti zikaanza kuzima.

Nikasimama na njiti ya nne. Ikawaka vizuri tu, imenyooka. Nikaishusha polepole. Kwenye goti ikafifia. Chini ya goti ikafa, kama kuna mtu kaibana kwa vidole.

Nikawasha nyingine. Ikafia pale pale.

Nikajiuliza, binti yangu akilala chini humu, pua yake itakuwa wapi? Nikakitupa kiberiti.

"Shemeji," nikaita.

Kimya.

"Shemeji, toka humo."

Nikafungua mlango wa hema. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Nikabana pumzi bila hata kujua kwa nini naibana, nikamshika kwapani, nikamburuta.

Injinia ni mzito jamani. Nilimpandisha mteremko ule nikianguka na kuinuka, naomba Mungu kwa kila jina nililofundishwa. Na yule mtunzaji alikuwa juu, anatazama. Hakushuka. Mpaka tulipokaribia miguu yake ndipo akanyoosha mkono.

Tukamlaza kivulini, kwenye kibanda cha mtunzaji. Upepo wa bahari ukampiga. Akakohoa, akatapika, akafungua macho. Akataka kutoa maelezo, yakagoma. Ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Nililia pale bila aibu. Kisha nikampigia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, basi lisishuke bondeni. Watoto watalala juu, ufukweni."

"Lakini mama, si ulisema upepo wa huko utachana mahema yako?"

"Yachanike."

Nikamgeukia mtunzaji nimpe vipande vyake. Matusi niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa ya kutosha ukoo mzima.

Sikuyatoa. Nyuma yake niliona pazia la kibanda.

Lilikuwa turubai la kijani, limechakaa, kona zake zimeshonwa mara mbili kwa uzi wa rangi ya machungwa.

Hakuna fundi mwenye akili anayeweka uzi wa machungwa kwenye turubai la kijani. Mimi nimewahi kufanya hivyo mara moja tu katika maisha yangu, kwa sababu bibi harusi aliniomba. Lilikuwa hema la zawadi. Nilimshonea kaka yangu.

Kaka alioa mwanamke ambaye mama hakumtaka. Siku ya mwisho kuonana, yeye na mama walirushiana maneno mazito sebuleni. Kaka akabeba hema, mkewe akabeba mkoba, wakasema wanakwenda fungate. Hawakurudi tena, na simu zao hazikupatikana. Nyumbani tukakata shauri kwamba ametususa. Mama akasema, "Si kamchagua mkewe? Akae naye." Jina lake likawa halitajwi mezani, miaka ikapita.

"Hili umelitoa wapi?" nikamuuliza mtunzaji.

"Wateja huacha vitu, dada."

"Hema haliachwi. Waliolala humu wako wapi?"

Akakaa chini, akajifunika uso.

"Niliwakuta asubuhi," akasema. "Walikuwa kama wamelala. Mwenye eneo akaniambia hili likijulikana hakuna atakayekuja tena. Tukawazika kule msituni."

Akaeleza mengine bila kuulizwa. Upepo ukishuka mpaka bondeni, hakuna linalotokea, watu hulala na kuamka salama. Ukiishia huku juu, bonde likatulia, hewa mbaya, nzito kuliko ya kawaida, hutoka ziwani na kujikusanya bondeni. Yeye mwenyewe kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya nguzo, kunizidi kimo.

"Na watoto wa leo?" nikasema. "Ungenyamaza?"

Hakujibu. Namchukia kwa kule kutojibu kuliko kwa yote aliyosema.

Polisi walikuja, wakawachukua yeye na mwenye eneo. Watoto walilala ufukweni, upepo ukachana mahema mawili. Binti yangu aliamka akinung'unika kwamba turubai limempigia kelele hakupata usingizi. Nikamkumbatia mpaka akaniuliza, "Mama, una nini?"

Ikabaki kazi moja, nayo hakuna wa kumtuma.

Mama nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, polepole. Nilitegemea atapiga yowe. Aliendelea kumenya kiazi kile kile, ganda limeshakwisha, anamenya kiazi chenyewe.

"Kwa hiyo hakunisusa," akasema.

"Hakukususa, mama."

"Mimi nilikuwa namsubiri aje aniombe radhi, mwanangu. Kila mlango ukigongwa najiandaa nitamjibu nini. Nilishapanga na maneno."

Akaweka kisu chini.

"Na yeye yuko chini ya miti."

Nilimshika mikono, imelowa maji ya viazi, tukakaa hivyo.

Kaka na wifi yangu tumewarudisha nyumbani, wamelala pamoja. Mama ndiye aliyesema wasitenganishwe.

Najua wapo watakaotaka kuniuliza ni eneo gani hilo. Msijisumbue, limefungwa. Nililotaka mlijue ni hili. Mtu wako akinyamaza, usikimbilie kusema ana kiburi, ukajikalia na hasira zako ukingoja aje kupiga magoti. Huenda kuja hawezi. Inuka, ukamtafute.