Siku Tuliyokwenda Kuhani Maneromango

Nilidhani kustaafu ni kupumzika. Kumbe nimehamia ofisi nyingine: mke wangu ndiye mweka hazina wa nyumba yetu hapa Kibaha, na bajeti yake ina nauli tu, chakula cha njiani hakimo.

Juzi tulikwenda wote Maneromango kuangalia mihogo yetu. Tukirudi kwa miguu kuelekea barabarani, nimechoka, njaa inaniuma, nikaona turubai, wazee wamekaa kimya, na sufuria kubwa la pilau uani.

"Kuna msiba hapa," nikamwambia. "Twende tukahani."

Akavuta khanga kichwani, akaingia ndani kwa wanawake. Mimi nikakaa mkekani, nikainamisha kichwa kama mfiwa. Mzee mmoja akaniletea sahani yeye mwenyewe.

"Karibu sana. Mmekuja wangapi?"

"Wawili, mimi na mke wangu."

"Wawili tu?" Akanikazia macho. "Haya, sisi tuko tayari. Mahari ya binti yetu mmekuja nayo?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Kabla sijajibu, nikamsikia mke wangu huko ndani akiangua kilio: "Ametuacha, jamani! Ametuacha!"